Sikio likichanika, tulia kwanza

Wasee, leo tuongee masikio. Mwaka jana nilikuwa nashuka mat pale Kangemi, hereni yangu kubwa ya duara ikanaswa na mshipi wa begi la abiria. Yeye akaenda zake, mimi nikabaki na ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, imechanika mpaka mwisho.

Kidonda kilipopona nikaenda tao kwa jamaa wa kutoboa. Akaangalia, akasema atapiga tundu lingine hapo hapo kwa kovu, dakika 2 tu. Nilikuwa nishatoa pesa. Jirani yetu, muuguzi, ndiye aliniokoa kwa simu: "Kovu halishiki kama ngozi, mwanangu. Ukining'iniza kitu hapo litachanika tena." Nikaondoka.

Maoni yangu ni haya: tundu la pili linataka heshima kuliko la kwanza. Sikio likishachanika kabisa halijiungi lenyewe, kila upande unapona kivyake. Gundi haisaidii. Daktari anadunga ganzi, anakata kingo zilizopona, ndio anashona. Halafu unangoja miezi kadhaa, na tundu jipya linakaa kando ya kovu, si juu yake.

Na kuna keloidi, lile kovu linalokua mpaka linapita kidonda chenyewe. Sisi wenye ngozi nyeusi inatupata zaidi, na ukiikata tu inaweza kurudi kubwa kuliko ya kwanza. Kama mamako au ndugu yako anayo, jiulize mara mbili, juu jamaa wa tao hatakuuliza.

Najua mtasema hospitali ni doo. Kweli, hata mimi bado nachanga. Lakini kungoja ni bure, na hereni za kubana ziko. Ukipata pesa, angalia kama daktari yuko kwenye orodha ya KMPDC mtandaoni. Usishonwe na mtu kwa sababu ana wafuasi wengi.

Manze, wale shosho tunaowacheka kwa masikio marefu walianza na kijiti kidogo, wakaongeza unene polepole, miezi na miezi. Sisi tunataka kubeba chuma kizito wiki ya kwanza. Sasa kati yetu na wao, mshamba ni nani?