Jina la Kweli la Ged: Filamu ya Earthsea na Haki ya Msomaji

Katika mijadala ya fasihi na filamu, imezoeleka hoja kwamba filamu ni sanaa yenye kanuni zake, na kwa hivyo msomaji anayelalamika kuwa kitabu alichokipenda kimepotoshwa hana uhakiki, ana manung'uniko tu. Hoja hii ina ukweli wake. Hata hivyo, aghalabu hutumiwa kama ngao ya kukingia uzembe, na pengine jambo baya kuliko uzembe.

Mfano mwafaka ni Earthsea, filamu ya televisheni ya sehemu mbili iliyoelekezwa na Robert Lieberman na kuonyeshwa Marekani Desemba 2004. Iliunganisha riwaya mbili za Ursula K. Le Guin, A Wizard of Earthsea (1968) na The Tombs of Atuan (1971). Kuunganisha si kosa. Hakuna msomaji wa busara atakayedai kila sura ionekane.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Katika ulimwengu wa Le Guin kila kiumbe kina jina la kweli, na anayelijua ana mamlaka juu yake. Mhusika mkuu huitwa Sparrowhawk mbele ya watu. Ged ni jina analowaaminia wachache mno. Filamu ilipindua mpango huo: Ged likawa la hadharani, Sparrowhawk likawa la siri. Ni kanuni gani ya kamera iliyodai mapinduzi haya? Hayakuokoa senti wala dakika. (Msomaji aliyekulia katika jamii ambamo mke hathubutu kutamka jina la baba mkwe hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili.) Isitoshe, katika riwaya ya pili Tenar ananyang'anywa jina lake utotoni, na Ged ndiye anayemrudishia. Filamuni anaitwa Tenar tangu mwanzo, kwa hiyo hana cha kurudishiwa. Mhimili wa kisa umeng'olewa, na paa limeachwa likining'inia hewani.

Kubwa zaidi ni rangi. Ged wa riwayani ana ngozi ya kahawia yenye wekundu, na rafiki yake Vetch ni mweusi. Weupe ni Wakarg, wavamizi wanaoshambulia kijiji cha Ged katika sura ya kwanza kabisa. Le Guin hakulitangaza jambo hili kwa tarumbeta. Alilidokeza kwa kupitapita, ili msomaji Mzungu ampende kijana huyu kwanza, ndipo atambue kuwa hafanani naye. Ufundi huo wa usawiri ulifutwa pale Ged alipopewa Shawn Ashmore, mwigizaji mweupe. Kuwepo kwa Danny Glover kama Ogion, mwalimu wa Ged, hakutibu dosari hiyo. Mzee mweusi mwenye hekima, aliyewekwa hapo kumwandaa kijana mweupe kwa ushujaa, ni mhusika bapa aliyekwisha kuchakaa katika filamu za Marekani.

Le Guin, aliyefariki mwaka 2018, alipinga hadharani mwezi uleule wa Desemba. Alikuwa ameuza haki za vitabu, na maamuzi hayakuwa yake tena. Wanaomwambia msomaji anyamaze kwa kuwa filamu ni sanaa nyingine wangemwambia nini mwandishi huyo? Aliyeanzia kwenye filamu aliona joka, uganga na kijana mweupe, akaridhika. Aliyevipenda vitabu ndiye aliyeweza kujua ni nani aliyeondolewa.