MLINZI WA NYUMBA: Alama ya Ubora Ni Ushahidi, Si Pambo



Mwaka 2024 mkoa wa Nile Magharibi uliunganishwa na gridi ya umeme ya taifa. Kabla ya hapo ulitegemea mitambo ya mafuta na, tangu mwaka 2012, kituo kidogo cha maji cha Nyagak chenye uwezo wa megawati 3.5. Tangu kuunganishwa huko, katika nyumba za Mvara, za Koboko na za kambini, pasi ya makaa inaipisha pasi ya umeme, na birika la umeme linakaa mahali pa sufuria. Hilo ni jambo la heri. Lakini umeme ukiwa haba, ubovu wa waya hujificha. Ukiwa mwingi, hujifichua, na mara nyingi hujifichua usiku watoto wakiwa wamelala. Kwa hiyo juma hili tunauliza: chombo unachokinunua dukani, ni nani aliyekishuhudia kuwa ni salama?

Swali hili lilikwisha kuulizwa zamani. Mwaka 1893 mji wa Chicago, huko Marekani, ulifanya maonyesho makubwa ya dunia yaliyowashwa kwa taa nyingi za umeme. Makampuni ya bima ya moto yaliingiwa na hofu, kwa maana jengo likiungua, ni wao watakaolipa. Alitumwa fundi kijana, William Henry Merrill, kwenda kukagua nyaya. Mwaka 1894 akaanzisha chumba cha majaribio kilichokuja kuwa shirika la Underwriters Laboratories, au kwa kifupi UL. Kazi yake ilikuwa kukitesa kifaa kabla mnunuzi hajakitumia: kukitia moto, kukipitishia umeme uliozidi, na kuangalia kitakachoshindwa kwanza. Wenye bima hawakuwa na sababu ya kukipendelea kiwanda chochote, kwa kuwa sifa ya uongo ingewagharimu wao wenyewe. Nguvu ya neno lao ilitoka hapo.

Bidhaa zilipoanza kusafiri, shahidi naye alisafiri. Kiwanda cha Asia kilichotaka kuuza Marekani kilihitaji alama inayoaminiwa huko, na wapimaji wakakifuata kilipo. Leo UL ina wateja katika nchi zaidi ya 100, na mwezi Aprili 2024 tawi lake la biashara, UL Solutions, liliingia katika soko la hisa la New York. Wakubwa wengine wa kazi hii ni wakongwe zaidi: Bureau Veritas ilianza Antwerp mwaka 1828 kwa habari za usalama wa meli, na SGS ilianza Rouen, Ufaransa, mwaka 1878 kwa kukagua nafaka.

Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Kenya iliunda shirika lake la viwango mwaka 1974, na Tanzania mwaka 1975. Sheria ya shirika la Uganda, UNBS, ilipitishwa mwaka 1983, na kazi ikaanza mwaka 1989. Katika miaka ya 2010 UNBS iliyakabidhi makampuni kama SGS na Bureau Veritas kazi ya kukagua bidhaa huko zitokako, kabla hazijapakiwa kuletwa Uganda. Tena sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inataka alama ya ubora ya nchi moja mwanachama itambuliwe na nyingine. Jambo hilo si dogo kwetu, ambao barabara ya Vurra inatupeleka Kongo na ya Oraba inatupeleka Sudan Kusini. Nchi zote mbili sasa ni wanachama.

Hata hivyo, kukua kwa ushahidi si sawa na kukua kwa usalama. Siku hizi anayelipia kipimo, mara nyingi, ni mwenye kiwanda mwenyewe. Shahidi anayelipwa na mshitakiwa hubaki mkweli kwa sababu moja tu: anaogopa kupoteza jina lake. Jina hilo halina thamani iwapo sisi wanunuzi hatulitazami. Tena si kila alama ni ushahidi wa mtu mwingine. Herufi CE, ambazo huonekana kwenye vifaa vingi vya umeme, kwa kawaida ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba ametimiza sheria za Ulaya.

Askari analielewa jambo hili upesi. Fundi cherehani yeyote sokoni aweza kushona tepe tatu kwenye mkono wa shati, lakini hawezi kumfanya mtu sajini. Cheo kimo katika daftari la kikosi. Alama ya Q ya UNBS ni vivyo hivyo: mwizi aweza kuichapa, lakini hawezi kujiandika katika orodha ya bidhaa zilizoidhinishwa ambayo shirika hilo huitoa. Basi jina la bidhaa litafutwe humo. Kwa bidhaa ya kutoka nje isiyo na Q, muulize mwenye duka kuhusu cheti cha ukaguzi cha mwagizaji, na udai risiti. Mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila njia ya miguu ya mpakani; jicho la mwisho ni la mama au baba mwenye nyumba.

Jicho hilo lianzie kwenye plagi. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ndani yake, ambayo ni mlinzi wa waya. Ifungue uitazame: fyuzi ya ampea 3 yafaa kwa redio na taa, ya ampea 13 kwa pasi na birika. Usiweke kamwe kipande cha waya wala karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Hapo umemwondoa mlinzi na kuacha sare yake mlangoni. Kwa umeme wetu wa volti 240, plagi moja ya ampea 13 huchukua wati 3,000 na kidogo. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vikiwashwa pamoja kwenye waya mmoja wa kuongezea, mpaka umekwisha kuvukwa. Waya ukipata joto mkononi, ama plagi ikibadilika rangi, chomoa na usiirudishe.

Waya wa bei ya chini kabisa mara nyingi huwa na shaba chache ndani ya plastiki nene. Unene wa nje hauchukui umeme. Afadhali nyumba ingoje mwisho wa mwezi ikanunue waya mmoja uliopimwa, kuliko kununua mitatu leo ambayo hakuna aliyeishuhudia.