Mlamba na Kamba ya Nguo



Mama mmoja ametuletea barua juu ya ndege aliyemwondolea raha uani kwake. Ndege huyo, asema, ni mweusi ti, mkia wake umegawanyika kama mkia wa samaki, na macho yake ni mekundu. Amejenga juu ya mwembe, na chini ya mwembe huo ndipo ilipofungwa kamba ya nguo. Mama akienda kuanika, ndege humshukia kichwani. Mtoto wake mdogo hataki tena kwenda chooni peke yake, maana njia hupita hapo hapo. Baba wa nyumba ameapa kwamba Jumamosi atapanda na panga alikate lile tawi. Mama auliza: tumwache akate?

Yafaa tumjibu kabla Jumamosi haijafika.

Ndege huyo ni mlamba, ingawa kila mahali pana jina lake. Urefu wake, pamoja na mkia, hupata sentimita 25, na uzito wake ni gramu 50 hivi. Lakini ana moyo! Mwewe akipita juu ya mti wake humfuata na kumdonoa mgongoni mpaka aondoke. Kunguru vile vile, na paka pia. Basi kuku wa mama huyu wanapata mlinzi wa bure, ijapokuwa mlamba mwenyewe hafikirii vifaranga vya mtu. Afikiri mayai yake tu. Mtama uliouanika haugusi, maana chakula chake ni wadudu: panzi, nzige, kumbikumbi, na nyuki pia. Mwenye mizinga ana neno lake hapo, nasi hatumlaumu.

Sasa tufanye hesabu. Mayai huwa matatu kwa kawaida. Hulaliwa siku 16 hivi, na makinda hukaa kiotani siku 17 au 18. Jumla yake haizidi sana wiki tano. Mama asema ghasia ilianza zaidi ya wiki mbili zilizopita, kwa hiyo mayai yamekwisha kuanguliwa, au yamo katika kuanguliwa. Atakayekata tawi Jumamosi ataangusha makinda yasiyo na manyoya, mbele ya macho ya yule mtoto mdogo. Baba wa nyumba na apime jambo hilo.

Tena ndege huyu si mjinga hata kidogo. Katika jangwa la Kalahari, Bwana Tom Flower aliwachungulia milamba kwa miaka mingi, akatoa habari zake mwaka 2014. Mlamba huwakalia juu nguchiro wadogo wanapochimbua wadudu. Mmoja akipata mnono, mlamba hupiga kelele ya hatari kana kwamba mwewe anakuja. Nguchiro hutupa chakula na kukimbilia shimoni, naye hushuka akala. Wakiizoea kelele hiyo, huibadili, akaiga sauti ya ndege mwingine au ya nguchiro wenyewe. Karibu robo ya chakula chake cha siku hukipata kwa wizi huo.

Lakini mwizi naye huibiwa. Yuko kekeo, ndege asiyejenga nyumba, ambaye hutaga katika kiota cha mlamba ili kinda lake lilelewe na wengine. Wataalamu waliofanya kazi karibu na Choma, Zambia, walieleza mwaka 2023 kwamba kila mlamba jike hutaga mayai yenye rangi na madoa yake mwenyewe, kama mtu na sahihi yake. Yai lisilo na sahihi hiyo hulitupa nje, na katika kila mayai 10 ya kigeni hutambua zaidi ya 9. Ndege aliyezoea kulindana na wezi namna hiyo atawezaje kumwamini mtu mwenye beseni la nguo?

Neno moja kwa wavulana wenye manati. Marekani yuko ndege wa uani mwenye tabia hizi hizi, hodari wa kuiga sauti na mkali kiotani. Katika mji wa Gainesville, Florida, wataalamu walimtuma mtu mmoja aende kugusa ukingo wa kiota siku nne mfululizo. Kila siku ndege walimwondokea kutoka mbali zaidi na kumshambulia kwa nguvu zaidi. Siku ya tano alikwenda mtu mwingine, nao wakatulia kama siku ya kwanza. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2009. Walikuwa wamemjua mtu kwa sura yake, na huku watu wengi walipita chini ya miti yao kila siku bila kuguswa.

Basi, mama, hamisha kamba ya nguo. Panga la baba lifanye kazi ya kukata nguzo mbili, zisimamishwe upande wa pili wa nyumba. Njia ya choo izungushwe mbali na mwembe ikiwa nafasi ipo. Ikiwa haipo, mtoto avae kofia na afuatane na mkubwa wake, watembee polepole bila kupiga kelele wala kurusha kitu. Ndege wa namna hii hupenda kushuka kwa nyuma, basi mkubwa ageuke amtazame.

Baada ya wiki tatu hivi tazama juu. Makinda yakiwa yamekwisha kuruka, kamba na irudi mahali pake.