Nasubiri Gari Linalokunywa kwa Kijiko

Wiki hii kalamu iko Kiabakari, kandokando ya lami ya Mwanza–Musoma, na mwenye kalamu anaumwa ugonjwa mmoja tu: kusubiri. Nimeagiza gari Japani. Si Mark II wala Chaser, wazee wa kutesa mtanisamehe. Ni Toyota Aqua, haibridi, lile linalotumia petroli na umeme kwa pamoja. Liko melini, nami niko kijiweni naulizwa kila asubuhi: "Mura, limefika?"

Halijafika. Wakala, ambaye simtaji, aliniambia wiki sita. Hii ni ya tisa na simu yake siku hizi inaita tu. Hata likishuka Dar, shughuli ndiyo inaanza: ushuru wa forodha, VAT, ushuru wa bidhaa, na kama gari lina miaka minane au zaidi, kuna nyongeza ya uchakavu. Halafu kuna zaidi ya kilomita 1,000 za lami hadi Mara, na dereva wa kulileta lazima ale. Kijana unayepiga hesabu za gari kwa bei ya kule Japani tu, unajizuga mwenyewe.

Fedha yenyewe haikuokotwa. Ni ng'ombe wa nyumbani, na mama ndiye aliyeridhia wauzwe, maana yeye ndiye anayepelekwa kliniki ya presha kila mwezi. Baba mdogo hakuridhia. Alisema neno moja tu, akanyanyua fimbo yake akaondoka: "Ng'ombe anazaa. Hilo gari lako litazaa nini?"

Jamani, swali kama hilo hulijibu kwa mdomo. Unakaa chini na karatasi.

Kwanza tuelewane mdudu huyu anafanyaje kazi. Toyota ilitoa haibridi yake ya kwanza ya kuuzwa kwa wingi, Prius, Desemba 1997. Aqua ikafuata Desemba 2011, injini ya lita moja na nusu. Ndani kuna injini ya petroli, mota ya umeme na betri kubwa chini ya kiti cha nyuma. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta: ule mwendo ambao gari jingine lingeupoteza kwa kuchoma breki, hapa unarudi kwenye betri. Ukisimama, injini inazima. Ukiondoka polepole, umeme ndio unaokusukuma. Ndiyo maana kwenye foleni ya Dar gari hili ni mfalme. Simama, ondoka, simama, ondoka, na petroli imelala.

Wauzaji watakwambia Aqua ile ya kwanza inakwenda kilomita 35.4 kwa lita. Namba hiyo si ya uongo, ila ilipatikana kwenye kipimo cha Kijapani, gari likizungusha matairi juu ya mashine ndani ya jumba. Huko hakuna tuta, hakuna vumbi, hakuna shangazi na magunia mawili ya mihogo kwenye buti.

Na kuna jambo wasilokwambia: safari fupi. Injini ikiwa baridi, haibridi haikubali kulala. Inaunguruma kwanza ili ipate joto, yenyewe pamoja na yale masega ya kwenye ekzosi yanayosafisha moshi. Dakika hizo za mwanzo ndipo inapokunywa zaidi. Sasa mimi safari zangu ni zipi? Nyumbani hadi sokoni, sokoni hadi shule, shule hadi dukani. Kilomita tatu, nazima. Inapoa. Kilomita tatu, nazima. Kabla haijaanza kubana matumizi, nimeshafika. Nafuu yetu ni kwamba Mara si Ulaya. Kibaridi cha asubuhi kipo, lakini injini haianzii kwenye barafu.

Nikapiga hesabu ya mtu mwoga. Tuseme natembea kilomita 18 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni kilomita 468. Gari kubwa la zamani linalokwenda kilomita nane kwa lita litakunywa lita 58 na nusu. Aqua, kwa safari hizi za kukatakata, siipi 35, naipa 18. Itakunywa lita 26. Tofauti ni lita 32 na nusu. Kwa petroli ya shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 97,500 kwa mwezi. Hapo ndama ameanza kuonekana!

Lakini subirini, msishangilie. Kagari kadogo ka kawaida, kasiko na mambo ya umeme, tukikape kilomita 13 kwa lita, kanakunywa lita 36. Aqua inakashinda kwa lita 10 tu, shilingi 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka. Na betri kubwa ikichoka siku moja, akiba ya miaka inaweza kuondoka kwa mkupuo. Kwa hiyo kijana, kama maisha yako yote ni kilomita tatu tatu, usidanganyike na jina haibridi. Nunua kadogo ka kawaida, ulale usingizi.

Kwa nini basi mimi bado nasubiri meli? Kwa sababu ya mama. Safari ya Musoma ni ndefu ya kutosha injini kupata moto, na mjini kule kuna kusimama na kuondoka. Na hizi fupi nitaziunganisha: sokoni, shule na duka kwa mzunguko mmoja, injini ikiwa ya moto. Atakayetaka nimpeleke dukani kufuata kiberiti atakwenda kwa miguu, hata kama ni shemeji.

Mambo mawili nimeyaandika ukutani. La kwanza, vumbi. Betri kubwa inapozwa na feni inayovuta hewa pembeni ya kiti cha nyuma. Tundu lile likiziba, betri inachemka. Kwa vumbi letu la kiangazi, kusafisha pale ni ibada. La pili, betri ndogo, ile ya kawaida. Ikifa, gari haliwaki, na haibridi haisukumwi ikawaka. Hata mkija vijana kumi wa kijiwe. Usiku wa manane, mama presha imepanda, hilo si jambo la utani. Betri ndogo nitainunua mpya siku gari linapofika, kabla ya kufikiria redio.

Baba mdogo nimempelekea karatasi yangu. Ameisoma yote, kimya, akauliza bei ya petroli mwezi ujao. Nikamwambia EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwaka 2022 tuliiona ikivuka 3,000. Akasema, "Basi jaza tangi, andika kilomita, jaza tena, uniletee. Mwezi kwa mwezi." Huyo ndiye mkaguzi wangu mkuu, na fimbo anayo.

Wewe unayesubiri meli kama mimi, jipe moyo. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.