Fundi, Andika Omu Nyuma ya Boksi!

Wale mliozoea kusoma hapa habari za programu na hifadhidata, leo mtanivumilia. Naandika juu ya maboksi ya spika za gitaa, na naandika nikiwa na hasira.

Kisumu mafundi tunao. Pita Kibuye, hasa Jumapili soko linapofurika, uone kazi za mikono ya watu wetu. Mgala muue na haki yake mpe: mbao wanazikata sawasawa, kona wanazivika chuma, boksi linabebwa juu ya matatu mpaka Usenge na kurudi bila kupasuka. Ugomvi wangu unaanzia ndani, kwenye waya. Spika mbili zimelehemiwa pamoja moja kwa moja, soketi ni moja, mfuniko umegandishwa kwa gundi, na nyuma hakuna hata herufi. Ukiuliza boksi hili ni omu ngapi, unajibiwa, "Hii ni kubwa, boss." Kubwa ni jibu la omu?

Msimamo wangu ni huu, na sitaupunguza. Boksi lolote la spika mbili linalouzwa kwa bendi liwe na swichi ya mono na stereo, swichi hiyo ifungwe kwa namna ambayo amplifaya mbili haziwezi kukutana hata mtumiaji akikosea, na omu ziandikwe nyuma kwa rangi. Kinyume cha hapo ni kucheza kamari na pesa za mwanamuziki.

Najua nitaambiwa stereo ni mbwembwe za watu wa Nairobi. Mtu anayecheza mbele ya jukwaa haketi katikati ya spika mbili akisikiliza kushoto na kulia, kwa hiyo ya nini? Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama ningezungumzia redio ya sebuleni. Mimi nazungumzia njia mbili ndani ya boksi moja: gitaa la solo na amplifaya yake kwenye spika ya kwanza, ridhimu na amplifaya yake kwenye spika ya pili. Sasa niambieni, ni muziki gani duniani unaohitaji jambo hilo kuliko benga?

Sikiliza benga kwa makini. Magitaa yake yalijifunza kutoka kwa nyatiti, kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi 8, ambapo mtu mmoja aliyeketi chini hukong'onta nyuzi, hugonga mbao kwa pete ya chuma iliyo kidoleni mwa mguu, na huku anaimba. Benga iliigawa kazi hiyo kwa watu kadhaa. Solo huuliza, ridhimu hujibu, besi hupita katikati ikirukaruka. D.O. Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa upande wa Tanzania mwaka 1940 na kufa katika ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka 2006, aliujengea umaarufu wake juu ya mazungumzo hayo ya nyuzi. Halafu wewe unachukua magitaa mawili yanayojibizana, unayasukuma yote ndani ya amplifaya moja na boksi moja la mono. Amplifaya ikielemewa na ridhimu, solo nayo inakwaruza. Yale mazungumzo yanakuwa kelele ya soko.

Sisemi mono ifutwe, hapana. Siku ambayo gitaa ni moja tu, unataka spika zote mbili zisukume hewa pamoja. Ndiyo maana nasema swichi. Wenzetu walilimaliza jambo hili zamani: boksi la Marshall 1960A lina spika 4 za omu 16 kila moja, na nyuma yake lina swichi. Ukiiweka mono unachagua omu 4 au omu 16, ukiiweka stereo unapata omu 8 kila upande, na namba hizo zimeandikwa pale pale penye soketi. Hakuna uchawi.

Sasa twende kwenye dhambi yenyewe. Wapo mafundi wanaokubali kuweka swichi, lakini wanaweka ile ya miguu 2, inayobana soketi A na soketi B pamoja. Ikiwa wazi ni stereo, ikifungwa ni mono. Inaonekana akili nyingi mpaka siku mtu atakapochomeka amplifaya mbili na swichi imekaa mono! Hapo amplifaya ya kwanza haioni spika tu. Inaona pia mdomo wa amplifaya ya pili, ambao ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana, chini ya omu moja. Kila moja inaisukuma mwenzake kama wawili waliokutana kwenye mlango mwembamba. Transista zinakwenda. Namjua mpiga solo aliyekodi amplifaya kwa ajili ya harusi upande wa Bondo. Iliteketea hivyo hivyo kabla ya wimbo wa tatu, na malipo yote ya Desemba yakaishia kumlipa mwenye amplifaya. Fundi alisema ni stima ya jenereta. Siku zote ni jenereta!

Dawa ni swichi ya miguu 6. Ina safu mbili zenye miguu mitatu mitatu. Spika ya kwanza iunganishe na soketi A moja kwa moja, chanya na hasi, na usiiguse tena. Spika ya pili, waya zake zote mbili zipeleke kwenye miguu miwili ya katikati ya swichi. Miguu miwili ya juu ipeleke soketi A, miwili ya chini ipeleke soketi B. Kwisha. Swichi ikielekea B, kila spika ina soketi yake: stereo. Ikielekea A, spika ya pili inaungana sambamba na ya kwanza, na soketi B inabaki haina kitu: mono. Amplifaya mbili hazikutani kamwe, hata mlevi akiishika swichi.

Mbona nisiache hasi zote ziungane, niokoe waya? Kwa sababu ya amplifaya za gari. Huku kando ya ziwa, mahali pasipo na stima, watu wengi hutumia amplifaya za betri ya volti 12, na nyingi kati ya hizo zinasukuma sauti kwa waya zote mbili. Hakuna waya ulio hasi ya kweli. Ukiunganisha "hasi" zake na za amplifaya nyingine umeshatengeneza shoti. Kwa sababu hiyo hiyo soketi ziwe za plastiki, zisikae juu ya bamba moja la chuma. Isitoshe, unyevu wa ziwa unakula bamba hilo.

Mnasema swichi ni sehemu nyingine ya kuharibika. Kweli. Lakini piga hesabu: wati 100 kwenye omu 4 ni ampea 5, na katika mpango huu nusu tu ya mkondo, ampea 2.5, ndiyo inayopita kwenye swichi. Swichi ya ampea 10 haitatoa jasho.

Hesabu ya omu ni ya darasani. Spika mbili za omu 8 zikikaa sambamba zinakuwa omu 4. Za omu 4 zinakuwa 2, na hapo amplifaya nyingi zinakufa. Kama amplifaya yako haishuki chini ya omu 8, tafuta spika za omu 16. Na mwenye amplifaya ya valvu asiiwashe kamwe ikiwa imechomekwa B huku swichi iko mono, kwa maana valvu bila spika inaweza kuua transfoma yake. Mambo haya mwanamuziki atayajuaje kama hayakuandikwa? Kwenye kazi yangu, mtu akikuuzia programu isiyo na maelezo kisha akafunga msimbo usiuone, tunamwita mwizi. Kibuye tunamwita fundi.

Kwa hiyo fundi, tumia skurubu, acha gundi. Andika nyuma: MONO, A PEKEE, OMU 4. STEREO, A OMU 8, B OMU 8.

Na wewe mnunuzi, nenda na mita pamoja na betri ya tochi ya volti 1.5. Swichi ikiwa stereo, gusisha betri kidogo tu kwenye kila soketi, chanya kwenye ncha ya jeki. Karatasi za spika zote mbili zitoke nje. Moja ikiingia ndani, zimepingana, na kwenye mono besi itapotea. Kisha pima omu. Spika ya omu 8 itasoma kama 6 au 7 kwenye mita, na kwenye mono A itasoma kama 3 na kitu. Mwisho weka ncha moja ya mita kwenye A na nyingine kwenye B, geuza swichi huku na huku. Mita ikisoma chochote, rudisha boksi na udai pesa zako.