Kinanda cha Kanisa Si Siri ya Mtu Mmoja

Leo naomba niseme na wewe unayetamani kinanda lakini unaogopa kukigusa, na pia na wewe uliyekishika peke yako miaka nenda miaka rudi.

Makanisa mengi ninayoyajua hapa Pap Onditi, mpaka Katito huko, yana kinanda kimoja cha umeme na mpigaji mmoja. Akienda matangani, Jumapili hiyo ni makofi tu. Kinanda kilichonunuliwa kwa sadaka za akina mama wa sokoni kinalala chini ya kitambaa. Ukiuliza mbona vijana hawafundishwi, unaambiwa wataharibu mipangilio. Ndugu, mipangilio gani? Vinanda vingi ukivizima na kuviwasha, vinarudi vilivyokuwa.

Na hapo ndipo penye shida yenyewe. Chukua kitufe kilichoandikwa TRANSPOSE. Kila hatua moja hupandisha au kushusha sauti nusu toni. Mpigaji anayejua C pekee huweka +2, vidole vinacheza C lakini spika zinatoa D. Stima ikipotea katikati ya pambio na kurudi, mara nyingi namba ile imerudi sifuri. Waimbaji wako D, kinanda kiko C, na watu wanaangaliana! Tunakemea pepo, kumbe ni kitufe.

Wengine husema kutumia kitufe hicho ni uvivu. Mimi sikubali. Wazee wetu wa nyatiti walikuwa na nyuzi 8, na walizikaza au kuzilegeza ili zifuate sauti. Wimbo ukiwa juu mno kwa akina mama, ushushe. Ila jifunze pia F na G kwa vidole, kwa sababu siku moja utapiga na gitaa, nalo halina habari na kitufe chako.

SYNC START nayo ijue. Ikiwa imewashwa, ukigusa funguo za mkono wa kushoto tu, ngoma zinaanza. Ndiyo maana midundo hulipuka katikati ya matangazo. Na sauti: acha kinanda mahali pamoja, anayekaa kwenye mikisa ndiye apandishe na kushusha. Wote wawili wakishindana, mhubiri hasikiki.

Soma 1 Nyakati 25:7-8. Waliofundishwa kumwimbia Bwana walikuwa 288, na kura zilipigwa mwalimu pamoja na mwanafunzi. Daudi hakuweka mmoja mwenye ufunguo wa kabati. Wewe mpigaji wetu, tunakupenda na hatukuondoi. Lakini nani anakaa karibu nawe akitazama mikono yako?

Jumamosi saa nane mchana kinanda kitakuwa wazi pale kanisani. Kijana, njoo na daftari, uandike kila kitufe na kazi yake kwa lugha unayoielewa. Kiswahili, Dholuo, sawa tu. Wasichana pia, tafadhali. Na atakayefika kwanza aje na kebo ya kurefusha umeme, ile yetu imekatika.