Arejeaye Kazini Aanze na Nusu



Mpakizi aliyeugua miezi miwili anaporudi kwenye malori ya Arua au Koboko, hupangiwa magunia sawa na wenzake siku ile ile. Akisita, huitwa mvivu. Hilo ni kosa.

Mwili uliolala hupoteza nguvu na mazoea ya jua, na kiangazi cha West Nile, Desemba hadi Februari, hakina huruma. NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani ya usalama kazini, hushauri mzoefu arejeaye kwenye kazi ya joto apewe nusu ya kazi siku ya kwanza, asilimia 60 siku ya pili, 80 ya tatu, kisha kazi nzima. Mgongo wahitaji majuma zaidi.

Lakini kwa alipwaye kwa gunia, nusu ya kazi ni nusu ya posho. Ndiyo maana hujikaza mpaka aumie. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 yamtaka mwajiri amlinde. Basi matawi yetu yadai siku hizo zilipwe kamili. Mwajiri akikataa, kundi limhesabie mwenzao sawa: leo ni yeye, kesho ni wewe.